Wanasema tufanye kama China. China yenyewe ilifanya nini na sheria?

Kila mara habari inatoka kama feza za Leta zimepotea, hakukosekane mutu mu taksi, mu soko ao kwenye redio mwenye anasema maneno yaleyale: "Tufanye kama China! Kule mwenye kuiba feza ya serikali wanamupiga risasi. Njo maana inchi yao inaendelea." Wengine wanaitika kwa kichwa, na mazungumuzo inaishia pale.

Maneno hayo yaliongezeka nguvu tangu mwezi wa 3 mwaka wa 2024, wakati serikali ya Kinshasa ilitangaza kama hukumu ya kifo itaweza kutekelezwa tena, kisha miaka zaidi ya 20 ya kuisimamisha. Kila mutu iko na mawazo yake juu ya uamuzi ule. Mimi leo sitazungumuzia Kinshasa. Nataka tuangalie ile China yenye tunatolea mufano, juu naona tunaitaja sana bila kujua imepita wapi.

Tuanze na mufalme mumoja. Zhu Yuanzhang alitawala China tangu 1368 mupaka 1398. Alizaliwa mu jamaa ya walimaji maskini. Njaa na ugonjwa viliua wazazi wake, naye akaenda kuishi na watawa na kuombaomba chakula njiani. Alipopata ufalme hakusahau namna watumishi wa serikali walikuwa wananyonya wakulima. Aliandika vitabu vya maonyo vyenye kujaa adabu za kutisha, akaamuru kila nyumba iwe navyo. Aliruhusu hata wanakijiji wakamate wao wenyewe mutumishi mwenye kuwatesa na kumupeleka mupaka kwenye muji mukubwa wa ufalme. Mu mwaka wa 1385, juu ya wizi wa nafaka za kodi, maelfu ya watu waliuawa. Kwa ukali, sizani kama kuna kiongozi wa leo mwenye anaweza kumupita. Na matunda ilikuwa gani? Mufalme yule mwenyewe alilalamika kama anaua wabaya asubui, na mangaribi wengine wanafanya mambo yaleyale.

Sasa turudi kwenye wakati wetu. Mwezi wa 9 mwaka wa 2000, China ilimuua Cheng Kejie, mwenye alikuwa makamu wa mukubwa wa bunge. Kosa lake: rushwa ya karibu yuani milioni 40. Mwaka wa 2007 ikamuua Zheng Xiaoyu, mwenye alikuwa anaongoza ofisi ya kuchunguza dawa na chakula. Mwezi wa 1 mwaka wa 2021 ikawa zamu ya Lai Xiaomin, mukubwa wa kampuni ya feza ya serikali: rushwa ya karibu yuani milioni 1,800. Mwezi wa 12 mwaka wa 2024 wakamuua Li Jianping, mutumishi wa chama mu jimbo la Mongolia ya Ndani, tena wala hakukuwa mutu wa Beijing: yuani zaidi ya milioni 3,000.

Muangalie hesabu hizo vizuri. Mu miaka 24, kiasi cha wizi chenye kumupeleka mutu kwenye kifo kimepanda zaidi ya mara 70. Sisemi kama risasi njo iliongeza wizi; uchumi wa China nao umekua sana, na fasi penye feza ni mingi mwizi naye anabeba mingi. Lakini mutu mwenye anasema kama risasi ilimaliza rushwa kule, anieleze Li Jianping alitoka wapi.

Kwa hiyo China haikukosa sheria kali. Ilikuwa na sheria za kuandikwa wakati inchi mingi za dunia hazikukuwa bado na maandishi. Mu mwaka wa 536 mbele ya Kristo, mu inchi ndogo ya Zheng, waziri mumoja jina Zichan alichora sheria za makosa na malipizi kwenye chungu kikubwa cha shaba chenye miguu mitatu, ili kila mutu aone. Rafiki yake wa inchi jirani, Shuxiang, alimuandikia barua ya kumukaripia. Alimuambia hivi kwa kifupi: watu wakijua sheria inasema nini, hawatawaogopa tena wakubwa wao, watashika maandishi na kubishana juu ya kila neno. Zichan akamujibu kwa heshima kama yeye anataka tu kuokoa watu wa wakati wake.

Barua ile, kwangu, iko na maana kuliko vitabu vingi vyenye vilifuata. Woga wa Shuxiang ulikuwa wa kweli. Sheria ikiandikwa na kuwekwa wazi, mwanainchi wa chini anapata kitu cha kushikilia mbele ya mukubwa. Na miaka kidogo kisha pale, mu inchi ileile ya Zheng, kukatokea mutu jina Deng Xi mwenye alikuwa anafundisha watu namna ya kushitaki na kujitetea. Malipo yake ilikuwa nguo: koti kwa kesi kubwa, kanzu fupi na suruali kwa kesi ndogo. Tunaweza kumuita avoka wa kwanza wa China. Aliuawa mwaka wa 501 mbele ya Kristo. Mumukumbuke huyo Deng Xi, juu wenzake watarudi mu habari hii.

Konfisio, mwenye aliishi wakati ule, alisema kama yeye anaweza kusikiliza kesi sawa mutu mwingine yeyote, lakini kizuri ni kufanya watu wasifikie kushitakiana. Kwake, jamaa na adabu njo nguzo. Kisha akatokea Shang Yang, wa inchi ya Qin, na mawazo ya upande mwingine kabisa: sheria moja kwa wote, adabu kali, zawadi kwa mwenye kutii. Alifunga familia tano-tano na kumi-kumi, kila moja ichunge ingine. Mutu akificha kosa la jirani, naye anapata malipizi. Mufalme mwenye kumulinda alipokufa mwaka wa 338 mbele ya Kristo, Shang Yang alikimbia. Wanahistoria wa zamani wanaeleza kama alifika usiku kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akakatala kumupokea: sheria ya Shang Yang inakataza kulaza mutu asiye na kitambulisho. Walimukamata na kumuua. Lakini Qin ilibakia na sheria zake, na kwa nguvu ile ikashinda inchi zingine zote na kuunda ufalme mumoja mu 221 mbele ya Kristo. Kisha miaka 15, ufalme ule ukaanguka. Mu mwaka wa 1975, mu jimbo la Hubei, watu walichimbua kaburi la mutumishi mumoja wa Qin mwenye alizikwa na sheria zake, zaidi ya vipande elfu moja vya mianzi vyenye maandishi: namna ya kuchunga gala, kupima nafaka, kuuliza mushitakiwa. Mutu aliona vizuri afe nazo.

Falme zenye zilifuata zilichanganya vyote viwili: maneno ya Konfisio mudomoni, fimbo ya Qin mukononi. Kitabu cha sheria cha ufalme wa Tang, cha mwaka wa 653, kilikuwa na vifungu 502, na Japani, Korea na Vietnam walikopa kwacho. Ni kazi ya akili nyingi. Kilipima kosa kwa uangalifu: mutu aliua kwa kupanga, kwa kupigana, ao kwa bahati mbaya? Lakini kilipima pia mutu mwenyewe. Mutoto akimupiga muzazi anakufa; muzazi akimupiga mutoto, mara mingi hakuna kitu. Na mutoto mwenye alienda kushitaki muzazi wake kwa serikali, hata kama maneno yake ni ya kweli, alipashwa kunyongwa, isipokuwa kwa makosa ya kutisha kama kupindua ufalme. Mutumishi mukubwa aliweza kulipa cheo chake fasi ya kifungo. Sheria moja, lakini haikukuwa ya wote kwa kipimo kimoja.

Na nani alihukumu? Mu kila wilaya kulikuwa mutu mumoja, mwenye serikali ilituma kutoka mbali. Yeye njo muamuzi, yeye njo prokirere, yeye njo mukubwa wa polisi, yeye njo mukusanya kodi, na gereza ni lake. Wazee wetu wenye walijua administrateri wa teritware wa wakati wa Wabeleji hawatashangaa. Kumuhukumu mutu bila yeye kukubali kosa kulikuwa kunakatazwa karibu kila mara. Inaonekana kama ulinzi muzuri, lakini sheria ileile iliruhusu kumupiga mupaka akubali. Na mwenye kuandikia watu mashitaka kwa malipo, yule ndugu wa Deng Xi, alihesabiwa kuwa muchochezi. Mu sheria za ufalme wa mwisho, wa Qing, aliweza kuhamishwa mbali kabisa kwa kazi hiyo tu.

Nisipende kuonyesha upande mumoja. China ya zamani ilijua kama muamuzi anaweza kukosea, na ilijenga ngazi: hukumu ya kifo ilipanda toka wilaya mupaka jimbo, mupaka Beijing, mupaka kwa mufalme mwenyewe. Mu mwaka wa 1247, muamuzi Song Ci aliandika kitabu cha kufundisha namna ya kuchunguza maiti, ili mutu asinyongwe juu ya uvumi. Anaeleza kesi moja ya mutu mwenye alikatwa na mundu. Muchunguzi aliomba kila mutu wa kijiji alete mundu wake na kuiweka chini. Kulikuwa joto. Nzi wakaja kutua kwenye mundu mumoja tu, juu ya harufu ya damu yenye macho ya watu haikuona. Mwenye mundu ule akakubali kosa. Mu mwaka wa 1247!

Lakini ngazi ile ilikuwa na udaifu wake, na kesi ya Yang Naiwu inauonyesha vizuri. Mwaka wa 1873, mu wilaya ya Yuhang, kijana mumoja mwenye kutengeneza tofu alikufa kwa ugonjwa. Watu wakavumisha kama muke wake na Yang Naiwu, mutu mwenye masomo, walimupa sumu. Mukubwa wa wilaya, Liu Xitong, akawatesa wote wawili mupaka wakakubali. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ikatia sahihi, juu kila mukubwa aliona aibu ya kusema mwenzake alikosea. Dada na muke wa Yang walisafiri mupaka Beijing kulilia haki. Gazeti la Shanghai, Shenbao, likaandika habari ile tena na tena. Mwishowe sanduku la maiti likapelekwa Beijing, wakachunguza mifupa mbele ya watu: hakuna sumu. Mwaka wa 1877 wote wawili wakafunguliwa, Liu Xitong akahamishwa mbali kwenye baridi ya kaskazini, na gavana wa jimbo akafukuzwa kazi. Miaka zaidi ya tatu ya mateso. Na waliokoka kwa sababu gani? Gazeti, jamaa yenye haikuchoka, na wakubwa wa Beijing wenye walikuwa wanatafuta sababu ya kupunguza nguvu za wakubwa wa majimbo.

Mu miaka ya 1660, Mwenye akili mumoja, Huang Zongxi, alikuwa amekwisha kutaja ugonjwa huo kwa jina. Aliandika kama kile chenye wafalme wanaita sheria ni sheria za jamaa moja, zenye zimetungwa ili jamaa ile isipoteze ufalme, na haziko sheria za dunia yote. Kitabu chake kiliogopwa. Kilienea kwa siri zaidi ya miaka 200 kisha pale, wakati vijana wa China walianza kutafuta mabadiliko. Wenye kusema "demokrasia na haki ni vitu vya Wazungu tu" wamusome huyo. Hakukuwa Muzungu.

Sasa China ya leo. Mwezi wa 2 mwaka wa 1949 chama cha kikomunisti kilifuta sheria zote za serikali ya mbele yake, hata kabla ya kutangaza jamhuri mupya. Mwaka wa 1959 wizara ya haki ilifungwa. Maavoka walikuwa wamekwisha kutawanyika, wengi wakiitwa maadui. Mwezi wa 8 mwaka wa 1967, prezida wa inchi mwenyewe, Liu Shaoqi, alizungukwa na vijana wenye hasira ndani ya makao ya wakubwa Beijing. Inasimuliwa kama aliinua katiba na kuuliza kama prezida wa jamhuri hana hata haki za mwanainchi. Alikuwa mumoja wa wale wenye waliacha wengine wateswe bila katiba yoyote. Alikufa mwaka wa 1969 mu muji wa Kaifeng, mu chumba cha kufungiwa, na chama kikamurudishia heshima yake mwaka wa 1980.

Kisha aibu ile walijenga upya, na walijenga kwa bidii. Mwaka wa 1979 walitunga sheria saba kwa mara moja, wakafungua tena wizara ya haki. Tangu mwaka wa 1990 mwanainchi anaweza kushitaki ofisi ya serikali. Tangu 2007 kila hukumu ya kifo inapashwa kupita kwenye tribinali kuu ya Beijing. Mwaka wa 2021 kitabu cha sheria za raia, vifungu 1,260, kilianza kufanya kazi. Mufanyabiashara mwenye kugombana na mwenzake juu ya mali, mwanamuke mwenye kutaka talaka, mufanyakazi mwenye hakulipwa: hao wanaingia kortini kwa mamilioni kila mwaka na wengi wanatoka na jibu. Hilo si jambo ndogo. Wenye kwenda kununua bidhaa Guangzhou wanajua kama mukataba kule ni kitu cha maana.

Lakini ni Guangzhou hiyohiyo, mwezi wa 3 mwaka wa 2003, kijana Sun Zhigang alikamatwa njiani juu hakukuwa na kikaratasi cha kuishi mu muji. Siku tatu kisha pale alikuwa maiti, amepigwa. Gazeti moja la muji likatoboa siri. Walimu watatu vijana wa sheria wakaandikia bunge: chunguzeni kama kanuni yenye kuruhusu kukamata watu hivi inapatana na katiba. Mwezi wa 6 serikali ikafuta kanuni ile. Inchi yote ikafurahi. Lakini bunge halikujibu swali lenye waliuliza. Serikali iliondoa kanuni kwa mapenzi yake, na swali la nani anaweza kuiambia serikali "hapa unavunja katiba" likabakia palepale. Mwaka wenye ulifuata, wakubwa fulani wa gazeti lile walikamatwa kwa mashitaka ya feza. Mumoja wa wale walimu watatu, Xu Zhiyong, alifungwa miaka 4 mu mwaka wa 2014. Mu mwaka wa 2023 wakamuhukumu miaka 14.

Deng Xi tena. Na mu mwezi wa 7 mwaka wa 2015, mu siku kidogo tu, maavoka na wasaidizi wao zaidi ya mia mbili waliitwa, walihojiwa ao kufungwa. Mwezi wa 1 mwaka wa 2017 mukubwa wa tribinali kuu, Zhou Qiang, alionya waamuzi wajikinge na wazo la Wazungu la kusema tribinali iwe huru. Maneno hayo hayakutoka mudomoni mwa adui wa China. Ni yeye mwenyewe, mukubwa wa waamuzi wote, mbele ya watu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, unaponiambia "tufanye kama China", nitakuuliza: China gani? Ile yenye mufanyakazi anapata mushahara wake kortini? Nitakubali mara moja. Ao ile yenye risasi inatoka haraka, na mwenye kushika bunduki hana mutu wa kumuuliza?

Juu ya ile ya pili, nikupatie kesi moja tu. Mu mwaka wa 1994, mu jimbo la Hebei, mwanamuke mumoja alinajisiwa na kuuawa mu shamba la mahindi. Polisi ikakamata kijana jina Nie Shubin. Akakubali kosa mbele ya polisi. Mwezi wa 4 mwaka wa 1995 wakamupiga risasi, akiwa na miaka 20. Mambo yote yalichukua miezi saba. Mu mwaka wa 2005 mutu mwingine, Wang Shujin, akakamatwa kwa mambo mengine ya kuua na akasema: yule mwanamuke wa shamba la mahindi, ni mimi. Mama ya Nie, mwanamuke wa kijiji, akaanza kupanda ofisi kwa ofisi. Miaka kumi na moja. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka wa 2016, tribinali kuu ikasema mutoto wake hakuhakikishwa kosa: siku na saa ya kifo cha mwanamuke haikujulikana vizuri, na karatasi za mahojiano ya siku za kwanza zilipotea. Mwaka wenye ulifuata serikali ikalipa jamaa zaidi ya yuani milioni 2.6.

Wang Shujin naye aliuawa mwezi wa 2 mwaka wa 2021, kwa vifo vingine. Tribinali zilikatala kukubali maneno yake juu ya shamba la mahindi. Zilisema ushuhuda hautoshi. Na hivi mwanamuke yule, mwenye kwa jina lake waliharakisha kumupiga kijana risasi, hana mupaka leo muuaji mwenye tribinali inaweza kutaja.